Hakuna Aliyemuuliza Kahambu

Ukuta wa Kahambu ulianza kupanda baada ya Pasaka, na fundi aliyeupandisha alikuwa mume wa Mukamugema mwenyewe. Hapo ndipo palipouma. Angekuwa fundi mwingine, Mukamugema angepita asubuhi na beseni lake la jibini kichwani, akageuza uso upande wa barabara na kujifanya haoni kitu. Lakini kila jioni mumewe huyo, Habineza, alirudi na vumbi la mawe ya Kahambu kwenye nyusi, akanawa mikono, akaketi, na kabla hajamega bugali akaanza kusifu.

"Mama Umwiza, ule mama anajua kitu anataka," alisema siku moja. Umwiza ni binti yao wa kwanza, na nyumbani Mukamugema aliitwa kwa jina la mtoto. "Jiwe ikiwa na ufa, anaikataa. Na ndani anaweka carreaux mpaka kwenye baraza. Nyeupe."

Vigae vyeupe, hapa mtaa wa Mapendo mjini Goma, ambako mvua ikinyesha kidogo tu tope jeusi linaingia mpaka chini ya kitanda!

"Na sisi tunaweka nini?" Mukamugema aliuliza.

Habineza akatazama sakafu ya nyumba waliyopanga, saruji yake imemomonyoka karibu na mlango, akacheka kidogo. "Sisi tunaweka bugali kwenye tumbo. Lete sombe."

Mkewe hakucheka.

Waliishi nyumba kwa nyumba, yeye na Kahambu, katikati yao uzio wa mbao zilizoachana kiasi kwamba kila mmoja alijua mwenzake anapika nini. Kahambu alikuwa Munande wa Lubero, mjane mwenye mtoto mmoja, Achille, aliyekuwa akisoma Butembo. Aliuza maharagwe na unga sokoni. Mukamugema alikuwa mtu wa milima ya Masisi, amekulia nyuma ya ng'ombe, na kazi yake ilikuwa kununua jibini za duara kutoka kwa watengenezaji wa huko na kuziuza mjini, nyingine nzima kwenye mikahawa, nyingine vipande vipande mlangoni kwa watu. Kwa hesabu yoyote ya haki, jibini ina faida kuliko maharagwe. Basi mtu wa maharagwe alipata wapi ukuta?

Lakini wivu wa Mukamugema haukuanza na ukuta. Mwaka ule volkano ilipomwaga moto, nyumba yao ilikuwa upande wa Munigi. Walikimbia na watoto na godoro moja, na waliporudi wakakuta jiwe jeusi lenye joto mahali palipokuwa na nyumba. Aliyewapokea ni Kahambu. Walikuwa wakiimba korali moja tu, hata si marafiki wa karibu, lakini aliwafungulia chumba, akawapa blanketi, sufuria na nguo, na baadaye akawatafutia nyumba ya kupanga jirani naye. Mtu mwema, hakuna ubishi. Shida ni kwamba Jumapili iliyofuata alisimama kanisani kutoa ushuhuda, akamshukuru Mungu aliyemwezesha kumsaidia "dada yetu Mukamugema, ambaye hakubaki hata na sufuria." Kanisa zima liligeuka kumtazama dada huyo. Naye alikuwa amevaa kikwembe cha Kahambu.

Tangu siku hiyo, kila jema lililompata Kahambu alilihesabu kama jema lililopita mlangoni kwake bila kupiga hodi. Umutesi, kiongozi wa korali, alipompa Kahambu sauti ya kuanzisha nyimbo, Mukamugema aliumwa koo wiki nzima. Achille alipofaulu mtihani wa serikali, alikwenda kupongeza, akanywa soda ya pongezi, na soda ikamkaa kifuani kama jiwe. Hakujidanganya kuwa ni kitu kingine. Aliujua wivu wake kama mtu anavyolijua jino lake bovu, na kama jino, hakuacha kuligusa kwa ulimi.

Sasa ukuta. Na mume anayesifu ukuta.

"Sikiliza, Papa Umwiza," alimwambia Habineza jioni ya carreaux. "Kazi fanya, franga leta. Lakini jina ya ule mwanamuke iache kule kwenye mawe. Hapa kwangu sitaki kuisikia tena."

Habineza ni mtu anayeshinda akiongea na nyundo. Hakuona shida. "Sawa," alisema, na kweli hakumtaja tena Kahambu, wala kazi yake, wala alikopata pesa za kazi hiyo. Kwa hiyo jambo ambalo lingemwokoa mkewe lilikaa mdomoni mwake, wakilala kitanda kimoja, na halikutoka.

Wakati ule benki za mji zilikuwa zimefunga milango kwa ajili ya vita, na pesa za watu zilikuwa zimehamia ndani ya simu. Mshahara, ada ya shule, mchango wa msiba, vyote vilipita hewani vikatua kwa mlio mdogo. Mtu aliyezoea hivyo hashangai sana akiambiwa kuna pesa nyingine tena, ya kwenye kompyuta za Wazungu, isiyo na noti wala picha ya mtu. Vijana wa mji waliitaja bitcoin kama wanavyotaja timu za mpira. Mukamugema alikuwa amelisikia neno hilo mara nyingi, akaliacha lipite.

Halikupita siku alipolikuta kwa Kahambu.

Alikuwa ameketi nyuma ya mkahawa mmoja, akimngoja mpishi aje achukue jibini, akipitisha kidole kwenye statut za WhatsApp, zile picha na maneno ambayo watu wa simu yake waliyaweka ili wote wayaone. Ya Kahambu ilikuwa na picha ya Kahambu mwenyewe, ile ya kikwembe cha bluu aliyopigwa siku ya Pasaka. Chini yake yaliandikwa maneno ya Kifaransa. Alimshukuru Mungu. Fondation moja ya Uswisi, shirika la hisani, ilikuwa ikiadhimisha miaka yake, na tajiri mwenye nayo alikuwa akigawa bitcoin kwa akina mama wa Afrika. Unatuma kiasi chako ili kuthibitisha kuwa wewe ni mtu wa kweli, unarudishiwa mara mbili. Yeye, Kahambu, alituma akiwa na hofu, akapokea ndani ya saa moja, akarudia, akapokea tena. Nafasi zilikuwa zinakwisha.

Mukamugema alisoma mara tatu. Kitu cha kwanza kilichomjia hakikuwa tamaa. Kilikuwa nafuu, ile nafuu ya mtu aliyepata mwisho wa uzi. Kumbe ndivyo! Si maharagwe. Si baraka za Mungu kwa mjane mwema. Ni mlango uliokuwa wazi, na Kahambu akaupita peke yake, akaufunga polepole nyuma yake ili jirani asisikie.

"Sufuria alinipa," aliwaza. "Hii hakunipa."

Kifaransa kile kilikuwa safi, chenye alama zote juu ya herufi. Kahambu aliyemjua yeye alikuwa anaandika nusu Kiswahili, nusu Kinande, na "bjr" mahali pa bonjour. Mukamugema aliliona hilo. Alilifikiria kabisa, akiwa na simu mkononi, na jibu alilojipa ni kwamba hata Kifaransa cha Kahambu sasa kimetajirika.

Palikuwa pia na video. Mzungu mwenye mvi, tai nyekundu, anaongea lugha ambayo hakuielewa, na pembeni majina ya watu yanapanda bila kukoma: wa Abidjan, wa Kinshasa, wa Bujumbura, wote wanashukuru. Mukamugema hakumtazama Mzungu. Alitazama majina, akisubiri kuona moja tu, na lilipopita, Kahambu wa Goma, moyo wake uliruka kama aliyemfumania mtu.

Mtu mwingine angerudi nyumbani, akaita juu ya mbao: "Mama Achille, hii mambo ni nini?" Hatua kumi hazifiki. Lakini kuuliza ni kuomba, na kwa Kahambu alikuwa ameshaomba vya kutosha. Alijiona tayari amesimama kanisani kwa mara ya pili, na sauti ile nzuri ya kuanzisha nyimbo ikisema: dada yetu Mukamugema hakujua hata bitcoin, nikamfundisha.

Basi alichukua simu ya Umwiza, akajiita Patricia, mke wa mwalimu wa Katindo, akaiandikia namba ya Kahambu kwamba ameona tangazo na anaomba maelezo. Alifanya hivyo mchana, uani, akiwa ameketi kwenye kigoda. Kupitia mwanya wa mbao alimwona Kahambu upande wa pili, ameinama juu ya beseni la nguo, mikono yote miwili katika povu mpaka kwenye viwiko.

Simu ikalia. Jibu lilikuwa limefika. "Bonjour, maman Patricia," na baraka za Mungu, na maelezo marefu ya namna ya kutuma.

Mukamugema aliitazama simu. Akamtazama Kahambu, ambaye sasa alikuwa anakamua shuka, akiimba puani. Simu ikalia tena: maman Patricia alikuwa tayari kuanza na kiasi gani?

Hebu fikiri. Ukweli wote ulikuwa pale, upande huu wa mbao na upande ule. Mwenye namba anafua, na namba inaandika. Lakini wivu ni mwalimu mwenye jibu kwa kila swali. "Eh Mana!" Mukamugema alinong'ona. "Ameshaajiri mutu wa kumuandikia."

Na akazidi kuamini.

Pesa ya jibini ilikuwa ya kuzungusha, haiwezi kutoka. Alichokuwa nacho ni ng'ombe mmoja, mzao wa ng'ombe wa mahari yake, aliyekuwa akitunzwa na kaka yake Habiyaremye kule milimani. Makundi ya nyumbani kwao yalikuwa yameliwa na vita, mengine yakichinjwa, mengine yakiswagwa usiku na watu wenye bunduki. Huyu alibaki kwa sababu Habiyaremye alikuwa amemhamisha mara nyingi kuliko alivyowahamisha watoto wake. Mukamugema alimpigia.

"Umuuze."

Habiyaremye aliuliza: "Dada, kuko mugonjwa?"

"Kuko mambo ya shule ya Umwiza. Usiulize sana."

"Ana mimba, ule ng'ombe. Ngoja azae, nitauza ndama."

"Nafasi haitaningoja mimi, Habiyaremye."

"Nafasi ya shule?"

"Uza tu."

Kaka aliuza. Ni mdogo wake, na kwao dada mkubwa akisema mara ya pili, jambo limekwisha. Pesa zilishuka kwenye simu asubuhi ya soko, na Mukamugema akaenda nazo moja kwa moja kwa Rodrigue, mwenye kabini ya kutuma pesa, aliyekaa chini ya mwavuli karibu na njia ya kuingia Mapendo. Hakutaka kutuma mwenyewe asije akakosea tarakimu.

Rodrigue alisoma namba ya kupokelea pesa iliyokuja ndani ya yale maelezo, si ile ya kila siku ya Kahambu, kisha akainua macho. "Mama, huyu mwenye kupokea unamujua?"

"Namujua kuliko wewe."

"Si vibaya, nauliza tu. Juu hii namba imepokea sana juma hii. Bamama tu, wanakuja mumoja mumoja."

"Bamama gani?"

"Siwezi kutaja watu, mama."

Rodrigue aliyasema hayo kwa wema, akidhani yatamtia mashaka. Yalimtia haraka. Mukamugema aligeuka akatazama barabara, kila mwanamke aliyepita akamwona kama amebeba siri ile ile, na akajiona amechelewa tena, wa mwisho kwenye foleni, amesimama na beseni kichwani huku wenzake wanaagiza vigae.

"Tuma," alisema. "Tuma zote."

Saa moja ilipita. Akaandikiwa kwamba bitcoin zake zimekwishazaa, ziko tayari, na akatumiwa picha yenye jina la Patricia na tarakimu nzuri. Palikuwa na jambo dogo tu, ada ya kuzifungua. Mukamugema alitazama tarakimu zile kama mama anavyomtazama mtoto kupitia dirisha la hospitali. Ni zake, anaziona, kuna kioo tu. Alirudi kwa Rodrigue na mtaji wa jibini. Safari hii Rodrigue hakuuliza neno, naye Mukamugema alimshukuru kimoyomoyo kwa kunyamaza.

Kesho yake aliandika, hakujibiwa. Kesho kutwa picha ya kikwembe cha bluu ilitoweka kwenye simu ya Umwiza, pakabaki duara la kijivu. Aliandika tena. Aliandika kwa Kifaransa, kisha kwa Kiswahili, kisha, kwa aibu, akaandika jina lake la kweli: mimi ni Mukamugema, jirani yako, usinifanyie hivi. Ujumbe haukufika popote.

Unaweza kudhani sasa angeruka mbao zile. Hakuruka. Alikuwa na hakika kwamba Kahambu amemtambua nyuma ya jina la Patricia na kumfungia makusudi ili asipate. Wiki nzima alimtazama kupitia mwanya, na chuki yake ilikuwa kavu na tulivu, kama chuki ya mtu mwenye ushahidi. Kahambu alimsalimu asubuhi, "Umelalaka aje, Mama Umwiza?" na Mukamugema aliitikia kwa meno.

Jumamosi palikuwa na mazoezi ya korali. Wanawake walikuwa wameketi kwenye viti vya plastiki, Umutesi yuko mbele akisaka sauti, Kahambu alipoinua mkono, akaomba kusema jambo. Alisimama akishika mkoba wake kwa mikono miwili. Hakuwa Kahambu wa ushuhuda. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Bamama, ninaomba munisamehe. Simu yangu iliibiwa. Si simu yenyewe, ile WhatsApp yangu. Mutu alinipigia, akasema yeye ni wa shirika ya misaada, akasema kuko code imekuja kwangu, nimusomee ili jina yangu iingie. Nikamusomea. Kuanzia hapo WhatsApp ikakufa kwangu, nikafikiri ni simu imechoka, nikaiacha. Mimi simu ni ya kuongea na Achille tu. Sasa jana ndugu yangu ananipigia toka Butembo, anasema, Kahambu, ile bitcoin yako, mbona haijanirudia? Nikamuuliza, bitcoin gani?" Aliwageukia wote. "Ninasikia wanatumia picha yangu na jina yangu. Kama kuko mutu hapa aliona kitu, asitume hata franga moja. Mimi sijawahi kupata bitcoin. Hata sijui iko namna gani."

Niseme ukweli wa kilichompata Mukamugema wakati ule, kwa maana yeye mwenyewe ndivyo anavyosimulia, hajipambi. Jambo la kwanza alilohisi lilikuwa furaha. Kahambu hakupata! Hapakuwa na mlango, hapakuwa na Mzungu aliyemchagua Kahambu akamwacha yeye. Furaha hiyo ilidumu kwa muda wa kuvuta pumzi. Kisha pumzi ikarudi na ng'ombe ndani yake, na mtaji.

Alipoinua macho aliona kwamba si yeye peke yake. Nsimire, muuza samaki, alikuwa ameziba mdomo kwa kitambaa. Mama mmoja wa safu ya nyuma alitoka nje bila kuaga. Na Umutesi, kiongozi wao, aliyekuwa amesimama mbele na kitabu cha nyimbo, aliketi chini sakafuni, polepole, kama mtu anayejaribu maji ya kuoga.

"Umutesi, hata wewe?" Nsimire aliuliza.

"Nilitaka kutengeneza meno," Umutesi alisema.

Kahambu aliwatazama, mmoja baada ya mwingine, na uso wake ukabadilika. Alikuwa amekuja kuomba msamaha, sasa akawa kama mtu anayeona kitu asichokijua katika nyumba anayoijua.

"Lakini muko karibu na mimi," alisema. "Tunaimba pamoja kila juma. Mama Umwiza, wewe unasikia hata nikikohoa. Juu ya nini hakuna mutu aliniuliza?"

Barabarani pikipiki ziligombana kwa honi. Kila mmoja alikuwa na jibu, lakini ni jibu la aina isiyosemeka mbele ya mwenyewe. Kila mmoja alitaka kufika alipofika Kahambu bila Kahambu kujua, ili siku moja ajitokeze na ukuta wake.

Mukamugema alirudi nyumbani akiwa bado na mchana mbele yake. Habineza alikuwa anatengeneza mpini wa nyundo. Alimwambia yote, akiwa amesimama mlangoni, haraka, kama anayemwaga maji machafu. Ng'ombe. Mtaji. Patricia wa Katindo. Habineza aliweka nyundo chini.

"Bitcoin," alisema. "Ulifikiri ule ukuta ni bitcoin?"

"Ningefikiri nini basi?"

"Aliuza shamba ya kahawa ya baba yake, kule Lubero. Batu wa vita wamekaa ndani, hawawezi tena kulima, wakauza na ndugu zake kwa bei ya kulia. Aliniambia siku ya kwanza ya kazi. Alilia pale kwenye mawe, akasema, Papa Umwiza, nijengee kitu kigumu, juu kwetu haiko tena."

"Na wewe hukuniambia!"

Habineza aliiokota nyundo yake. Hakumkumbusha chochote, na hilo lilikuwa baya kuliko kukumbushwa. Aliondoka akaenda kutembea, akarudi giza likiingia, akala bila kusema. Siku nyingi walizungumza kwa kupitia watoto. Hakumpiga wala hakumtukana, lakini alichukua kazi nyingine upande wa Katindo baada ya ukuta kwisha, na pesa zake akaanza kuziweka kwa mama yake.

Habiyaremye naye aliambiwa, kwa simu. Aliuliza tu kama Umwiza yuko shuleni. Mukamugema aliposema yuko, akasema, "Basi hiyo moja haikuwa uongo," akakata.

Jibini ilimrudia kidogokidogo. Mtengenezaji mmoja aliyemjua baba yake alikubali kumpa mali auze kwanza kisha alipe. Beseni likawa jepesi kuliko zamani, mwendo ukawa mrefu zaidi. Kwa Kahambu hakuwa ameomba msamaha, kwa sababu hakujua aombe msamaha wa nini: hakuna alichomfanyia ambacho Kahambu alikifahamu. Mara moja aliingia kwake, akaketi barazani, miguu juu ya vigae vyeupe, akasema pole ya shamba. Kahambu alishtuka. "Nani alikuambia?" Wakaongea kuhusu kahawa, harufu yake inapochanua, na milima ya Masisi, na walipoagana Mukamugema alihisi vizuri mpaka alipofika kwake na kuona sakafu yake. Wivu haukuwa umehama. Ila sasa alijua unavyofanya kazi.

Ndipo mchungaji alipoomba watu wawili waende kwenye tawi la kanisa lao kule Munigi, kwa maana wizi ule ulikuwa umefika huko kwa jina na picha ya mtu mwingine, mwalimu wa Jumapili. Kahambu alijitolea. Halafu, mbele ya wote, akamgeukia Mukamugema. "Twende sisi wawili."

Walikwenda. Kahambu alieleza habari ya code, kwamba hakuna shirika la kweli linalomtaka mtu asome namba ya siri. Mukamugema alieleza mengine. Alisimama mahali ambapo kutoka mlangoni angeweza kuona jiwe jeusi la volkano, akasema kwamba watu watawaambia wameibiwa kwa sababu ya ujinga, au kwa sababu ya tamaa.

"Mimi si mujinga," alisema. "Najua hakuna mutu anapanda debe moja ya maharagwe asubuhi na kuvuna mbili jioni. Kama ule Muzungu angeniambia mimi moja kwa moja, ningemucheka. Lakini hakuniambia. Alimwambia jirani yangu. Ile ndiyo sikuweza kuvumilia."

Watu walitikisa vichwa. Wengine walisema amina. Baada ya ibada, Kahambu alipokuwa akiagana na wazee, mwanamke mmoja kijana mwenye mtoto mgongoni alimvuta Mukamugema pembeni, nyuma ya ukuta wa kanisa, akatazama kulia na kushoto.

"Mama, sasa hapa tuko sisi wawili," alisema. "Niambie kweli. Huyu mwenzako amevaa viatu kama vile, na hakupata kitu? Ao hamutaki tu na sisi tupate?"

Mukamugema alimtazama. Alitaka kukasirika, hakuweza.

"Ule pale," alisema. "Nenda umuulize yeye mwenyewe."

Yule mwanamke alimtazama Kahambu, akatazama viatu vyake, akavuta kanga ya mtoto juu. Hakwenda. Aliaga kwa adabu, akaanza kushika njia, simu yake mkononi.

Mukamugema aliacha mkoba wake kwenye benchi, akamfuata. Alimfikia kwenye mawe, akatembea naye bega kwa bega, na kwa kuwa hakuwa na maneno mengine alimweleza yale ambayo hata kanisani hakuyasema: jinsi alivyochungulia kupitia mbao, akaona mikono imejaa povu huku simu inaandika, na bado akaamini. Alimweleza mpaka njia ya pikipiki. Mwanamke alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, hakuonyesha kama anakubali au anakataa. Walipofika barabarani alimshukuru, akapanda pikipiki na mtoto wake, akaenda.

Kahambu alikuja nyuma, amebeba mikoba yote miwili. "Ule alikuwa anataka nini?"

"Alikuwa anataka kujua kama ulipata," Mukamugema alisema.

"Na wewe ulimujibu aje?"

"Nilimwambia akuulize."

Kahambu alingoja kusikia zaidi, lakini habari ya mbao na povu Mukamugema hakuitoa. Pikipiki nyingine ilikuja, wakapanda wote wawili, Kahambu mbele, Mukamugema nyuma, wakateremka mjini.